Miguu ya Liwali

Siwatu aliitwa kwa Liwali siku ya Jumatano, na Jumatano hiyo ilikuwa imo katika siku yake ya nne. Hapana mtu aliyeshangaa. Tangu Liwali alipoisimamisha saa ya mnara, muda wa mji ule ulikwenda kwa idhini yake. Sheria ilimpa miaka kumi na miwili ya kutawala, naye alipoufikia mwaka wa kumi na mbili akaufungia mlango usitoke. Watoto walizaliwa, wakaota meno, yakang'oka, yakaota mengine, na katika daftari la mji walikuwa bado hawajatimiza siku arobaini. Wachumba waliungoja mwaka wa harusi zao mpaka mvi zikawatoka. Mtu akiulizwa umri wake alitazama nyuma kwanza, kisha akajibu kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa.

Siwatu alikuwa mfamasia wa hospitali ya mji, mwanamke mrefu wa maneno machache, na hakuwa na mtu. Aliwahi kuwa naye mmoja, ndugu yake Vuai, fundi saa. Mchana mmoja Vuai alipanda mnara, akaitia saa ufunguo, na saa ikagonga. Watu walitoka majumbani wakasimama njiani wakihesabu, na waliohesabu mpaka mwisho waligundua kwamba wamezeeka. Kabla ya alasiri Vuai alikuwa keshashikwa. Kesho yake waliileta maiti yake, imeviringishwa shuka la serikali.

Mzee aliyemwosha alimwita Siwatu pembeni. "Hana jeraha, mwanangu," alimwambia. "Hana hata mchubuko. Ana tundu la sindano tu hapa mkononi. Na macho yamekataa kufumba."

Hapo Siwatu alijua kila kitu, na alijua kwa sababu ya kazi yake. Iko dawa inayotumika katika chumba cha upasuaji, inayolegeza misuli yote ya mwili, ukiwemo ule wa kuvuta pumzi. Mgonjwa hulazwa usingizi kwanza, ndipo apewe, na mashine ikamvutia pumzi mpaka dawa imwishe. Akipewa bila usingizi na bila mashine, mtu hubaki macho. Husikia, huelewa, hutaka kupiga kelele, na hawezi hata kupepesa ukope. Hulala hivyo, ametulia kama mtu aliyeridhika, huku akizama mahali pasipo na maji. Asubuhi ile ile, kabla maiti haijaletwa, karani wa Liwali alikuwa amekuja kwenye dirisha lake la dawa na barua ya kuomba dawa hiyo. Siwatu alimuuliza, "Ni ya upasuaji?" Karani akasema, "Ni ya upasuaji." Naye akampa, kwa mkono wake, akamwambia aiweke baridini.

Tangu siku hiyo aliishi na mkono huo kama mtu anayeishi na mgeni. Aliulaza kando yake. Aliulisha. Wakati mwingine alipouangalia ghafla uliona haya ukajificha kwenye kanga. Wewe ndiwe, aliuambia. Si wewe peke yako. Lakini ndiwe.

Liwali hakumwamini tena fundi yeyote baada ya hapo. Alipanda mnara mwenyewe ili aifunge mishale ya saa kwa waya, na alipokuwa akishuka aliteleza ngazini akaanguka, uti wa mgongo ukaumia. Hakufa. Ila miguu yake iliacha kumsikiliza, kisha, baada ya wiki kadhaa, ikaanza kusikiliza kitu kingine.

Haya yote alielezwa Siwatu na katibu wa Liwali, Bwana Machano, walipokuwa wakipita ukumbi baada ya ukumbi katika jumba lile lisilokuwa na saa hata moja. Machano alikuwa mtu mnene wa miguu myepesi, na alizungumza bila kugeuka.

"Daktari wa kwanza alimpa diazepamu. Mkazo wa miguu ulipungua, lakini alisinzia mbele ya wajumbe, mate yakamtoka. Daktari wa pili akampa dantrolini, akasema hii haigusi akili, inafanya kazi ndani ya msuli wenyewe. Kweli hakusinzia. Ila macho yaligeuka manjano, ini likawa linamuuma. Wote wawili hawapo tena."

"Wamekwenda wapi?"

"Hawapo," alisema Machano. Kisha akasimama, na kwa mara ya kwanza akamtazama. "Yeye hajui wewe ni dada wa nani. Mimi najua. Nimekuchagua kwa sababu hiyo hiyo."

Siwatu alielewa kwamba ameletwa kama kisu kinavyoletwa mezani.

Liwali alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu karibu na dirisha, joho limemfunika miguu. Siwatu alikuwa amemchukia kwa muda mrefu kiasi kwamba alitarajia kumkuta mkubwa. Alikuta mzee mwenye masikio makubwa na ndevu zilizochanwa vizuri. Alipomshika goti na kujaribu kulikunja, mguu ulikataa, ukakaza kama mlango wenye mtu nyuma yake, kisha ukaachia kwa mpigo. Alipougusa unyayo kwa kidole, miguu yote miwili ilirukaruka, mapaja yakabanana yakapishana kama mkasi, na Liwali akauma kitambaa mpaka ilipotulia.

"Nieleze," alisema jasho likimtoka. "Wale wengine walinipa dawa bila kunieleza."

Siwatu akamweleza, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na hakujua njia nyingine ya kuzungumza na mgonjwa. Alimwambia kwamba msuli wa mtu daima hutaka kukaza, na kinachouzuia ni amri inayoshuka kutoka kichwani kupitia uti wa mgongo, amri inayosema, tulia. Uti ukiumia, amri haifiki. Huko chini mishipa ya fahamu inabaki ikipigiana kelele yenyewe kwa yenyewe, kila mguso mdogo unageuka ghasia. Iko dawa, baklofeni, inayokwenda pale pale kwenye uti na kuigiza sauti ile iliyopotea.

"Kwa hiyo miguu yangu imeasi," alisema Liwali.

"Haijaasi, Mtukufu. Haipati habari zako."

Alicheka kidogo. Ilionekana hajacheka siku nyingi. "Nataka itulie kabla ya Siku ya Kusimama. Unajua mara iliyopita kilichotokea."

Mji mzima ulijua. Kwa mila ya mji ule, mtawala aliyetaka kuendelea alisimama juu ya ngazi za baraza, peke yake, bila kushikwa na bila kuegemea, mpaka kiapo kisomwe chote. Akikaa kabla ya neno la mwisho, utawala umemtoka. Tangu alipoanguka Liwali alikuwa akisimamishwa na watu wawili nyuma ya pazia, nao wakimwachia, miguu ilibaki imekaza, naye akabaki juu yake kama bendera kwenye mlingoti. Mara ya mwisho, katikati ya kiapo, mguu wa kulia uliruka ukampiga teke msomaji. Hakuanguka. Lakini mtu mmoja katika umati alicheka, na kicheko hicho kilikuwa bado kinaishi mjini, kinahama nyumba hadi nyumba.

Siwatu alirudi kwenye chumba chake cha dawa hospitalini, akakaa mbele ya rafu. Muda ulipita, au haukupita. Alifikiri. Baklofeni ikizidi sana huleta usingizi mzito, na usingizi huo ukizidi, mtu husahau kuvuta pumzi. Ingekuwa rahisi. Lakini angekufa amelala, bila kujua, na Vuai hakufa amelala. Iko njia ya pili: kumzoesha dawa kwa wiki nyingi, kisha kuikata siku moja. Mwili uliozoea kunyamazishwa, ukiachwa ghafla, hupiga kelele kuliko mwanzo. Homa kali. Mkazo unaovunja msuli mpaka mkojo unageuka rangi ya chai. Degedege. Mtu huwaona watu wasiokuwepo, huwaona wote. Hiyo aliipenda. Alikaa nayo muda mrefu akiigeuza mdomoni kama kipande cha sukari, akamwona Liwali akimwona Vuai pembeni ya kitanda, na akahisi raha iliyomtisha.

Ndipo akakumbuka goti lile chini ya mkono wake, na jambo alilolijua tangu alipokuwa mwanafunzi, ambalo hakuwahi kuliwazia kuwa ni silaha. Chini ya mkazo ule hamkuwa na nguvu. Mguu wa Liwali ulikuwa umekufa, na kilichomsimamisha ni ugonjwa wenyewe. Ukiuondoa wote, unakuta kilichokuwa chini yake.

Je, mtawala ni nini? Siwatu alijiuliza, akiwa peke yake na chupa zake. Ni mtu anayesimama, au ni mkazo unaosimama, na mtu kauvaa kama joho? Na huu mji, ambao umekunja taya miaka yote hii, nao unasimama kwa nini? Na mimi? Ukiniondolea chuki hii, miguu yangu itanibeba? Alihesabu vidonge, akaanza na dozi ndogo.

Alimpandishia dozi taratibu, kama inavyotakiwa: nusu kidonge mara tatu kwa siku, kisha kila baada ya siku tatu kidogo zaidi. Kwa kuwa siku hazikuwa na majina ya kuaminika, alizihesabu kwa mafundo kwenye uzi. Wiki ya kwanza Liwali alilala bila kuamshwa na miguu yake. Wiki ya pili aliacha kuuma kitambaa. Alianza kumngoja Siwatu, kumwuliza amekula nini, kumsimulia habari za mama yake aliyekuwa akiuza vitumbua. Mara moja, alipokuwa amesinzia kidogo, kichwa kimelala upande, mdomo wazi, Siwatu alimtazama na akamwona Vuai. Hakuwa anafanana naye. Ulikuwa ule ulegevu tu, ile namna mtu anavyoachwa na mwili wake. Uso wa Liwali uliondoka, wa Vuai ukaja, ukakaa, na macho yake yalikuwa hayajafumba. Siwatu alitoka nje akajishika ukutani. Aliporudi Liwali alikuwa macho.

"Umelia," alisema.

"Ni dawa, Mtukufu. Vumbi lake huwasha."

Siku tatu kabla ya kiapo, Liwali alitaka aongezewe.

"Bado unaruka kidogo," alisema. "Huu wa kulia. Nataka usiruke kabisa."

Siwatu alikuwa ameyangoja maneno hayo kwa uzi mzima wa mafundo. Alikuwa amejiapiza kwamba hayatamtoka yeye kwanza. Na bado kazi yake ilimfungua ulimi, ikamlazimisha kusema kweli.

"Mtukufu, mkazo huu ndio unaokusimamisha. Chini yake miguu haina nguvu. Dozi hii inakuondolea maumivu na inakuachia mkazo wa kusimamia. Nikiongeza, utalegea. Hutasimama."

Machano alikuwepo, kando ya pazia. Hakutikisika.

Liwali alimtazama Siwatu kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyesema upuuzi. "Unadhani nimesimama muda wote huu kwa sababu ya ugonjwa?"

"Ndivyo nijuavyo."

"Mimi nilisimama kabla sijaumwa. Mji huu umesimama kwa sababu nimesimama mimi. Ongeza."

"Nimekwambia, na Bwana Machano amesikia."

"Nimesikia," alisema Machano kwa upole.

"Ongeza," alisema Liwali.

Siwatu akaongeza. Alipokuwa akihesabu vidonge kwa mkono ule aliouchukia, alihisi kwa mara ya kwanza kwamba ni mkono wake.

Siku ya Kusimama jua lilikuwa kali na watu walijaa baraza mpaka njia za pembeni. Siwatu alisimama kati yao, karibu na ngazi, mahali ambapo angeonekana. Asubuhi ile Liwali alikuwa amemwambia kwamba hajapata kujisikia vizuri hivyo. Nyuma ya pazia wale watu wawili walikuwa wamemwinua kama kawaida, wakamleta mbele kama kawaida, joho limewaficha, na msomaji alipofungua kitabu, wakamwachia.

Alisimama. Kwa muda wa neno moja, labda mawili, alisimama kweli, kwa mazoea, kwa joho, kwa macho ya watu. Kisha magoti yakafunguka. Hakuanguka kama anavyoanguka aliyepigwa. Alishuka polepole, akijikunja, kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kamba, mpaka akawa amekaa kwenye ngazi, miguu imenyooka mbele yake, tulivu, imelala kila mmoja upande wake. Aliitazama. Aliiamuru. Watu wa mbele walimsikia akiiambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Simama." Msomaji alikuwa bado katika mstari wa kwanza.

Hakuna aliyecheka safari hii. Macho ya Liwali yalizunguka yakitafuta, yakamkuta Siwatu. Naye akapanda ngazi mbili, akainama, akamwambia sikioni maneno aliyoyatayarisha tangu siku ya mazishi.

"Mimi ni dada yake Vuai."

Alingoja. Alitaka kuona uso ukibadilika. Aliitaka hiyo kuliko kifo cha mtu huyu, kuliko uzima wake mwenyewe. Liwali alikunja kipaji, akajitahidi, kama mtu mwenye adabu anayejaribu kumkumbuka mgeni.

"Vuai yupi?" aliuliza.

Machano akawa Liwali kabla ya jua kutua. Aliagiza saa ifunguliwe, ikaenda siku tatu, watu wakacheza ngoma barabarani, kisha akaisimamisha ili apate nafasi ya kutafakari. Mzee aliyeanguka alipelekwa hospitali ya mji, wadi ya mwisho, kitanda cha dirishani. Siwatu alikwenda kumwandikia kadi.

"Jina?"

"Liwali."

"Jina lako."

Midomo yake ilijaribu herufi moja baada ya nyingine. "Ame," alisema hatimaye, akionekana kushangaa. "Mama alikuwa akiniita Ame."

Siku ya pili Machano alimwita Siwatu. Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti kile kirefu, na miguu yake myepesi ilikuwa haifiki chini vizuri.

"Ile dawa yake," alisema, "isimamishe. Leo."

"Ikisimamishwa ghafla itamuua. Na haitamuua haraka."

"Najua. Nilimuuliza daktari mwingine." Akatabasamu. "Nakupa zawadi, Siwatu. Hutagusa kitu. Hutatia kitu. Utaacha tu. Huo si ulikuwa mpango wako? Mwenye dawa na msiba kama wako angewaza nini kingine?"

Siwatu aliuona mpango wake umekaa kwenye kiti, umevaa joho, unamtabasamia. Ulikuwa mnene, na ulikuwa na sura kama ya karani yule aliyekuja dirishani na barua. Alisema, "Nimesikia, Mtukufu," akatoka. Alitembea hadi hospitali, akafungua kabati, akahesabu vidonge vya Ame vya adhuhuri. Havikuwa vingi kama vya siku tatu zile za kabla ya kiapo. Alikwisha kuanza kumteremshia dozi, kidogo kidogo, kama inavyotakiwa. Kwenye karatasi aliyopaswa kuipeleka kwa Machano aliandika kwamba dawa imesimama. Kisha akaenda wadini na kikombe cha maji.

Haikuwa huruma. Alijichunguza njia nzima akitafuta huruma na hakuikuta. Aliyoyataka hayakuwa yametimia. Mtu huyu alikuwa ameanguka bila kujua ameangushwa na nani, kwa ajili ya nani, na angekufa hivyo hivyo, akiwa safi, moyoni mwake hamna mtu. Vuai angekuwa ameuawa mara ya pili, na mara hii pasiwe na hata tundu la sindano.

Akamweka sawa kwenye mto. Akamtia vidonge mdomoni, akamshikia kikombe. Ame alimeza, akamshukuru.

"Vuai alikuwa ndugu yangu," alisema Siwatu, akivuta kiti. "Ulimuua kwa sindano, kwa dawa niliyoitoa mimi."

"Walikuwa wengi," alisema mzee. Hakusema kwa kiburi. Alikuwa akieleza. "Wengi sana. Siwezi kumjua."

"Ndiyo. Utamjua."

Akaanza mwanzo. Akamweleza mvua ya siku aliyozaliwa Vuai, na mkunga aliyechelewa, na kwamba alitoka kimya na wakadhani amekufa, mpaka alipopiga chafya. Akamweleza jino lake la kwanza, na homa iliyofuata, na jina alilokuwa akiitwa nyumbani ambalo hakulipenda. Hakuruka kitu. Ame alisikiliza kwa adabu, kisha kwa uchovu, kisha uso ulianza kumbadilika. Aligeukia dirisha. Siwatu aliinuka akahamisha kiti upande wa dirisha, akakaa.

"Nataka kulala," alisema mzee.

"Dawa hii ya kiasi hiki hailazi mtu."

"Kwa nini usiniue tu, binti yangu?"

Miguu yake ilikuwa imelala chini ya shuka, imetulia, haiwezi kumpeleka popote. Siwatu aliinama akalinyoosha shuka pale lilipojikunja.

"Alikuwa na miezi kumi na mmoja," alisema, "alipouachia ukuta akatembea. Hatua nne. Nilikuwepo. Alinijia mimi."